Maswali na Majibu: Je, "get" ni "kupata"?

SWALI: Mwalimu, mimi ni karani wa wakala wa forodha hapa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda. Wiki iliyopita bosi aliniandikia hivi: "Get the container checked before the truck gets to the gate." Nikaelewa kwamba nitafute kontena lililokwisha kukaguliwa, nikazunguka yadini asubuhi nzima. Sasa nimenunua kijitabu chenye maana 60 za kitenzi "get". Nikizikariri zote, nitakuwa salama?

JIBU: Hapana, ndugu yangu, na kijitabu hicho kiweke kando. Maswali ya namna hii hunifikia mara kwa mara, na chanzo chake karibu siku zote ni kimoja: mtu aliandika ubaoni kwamba "get" ni "kupata", na mwanafunzi akaondoka na neno hilo moja. Kitenzi hiki, ambacho Kiingereza kilikirithi kutoka lugha ya kale ya watu wa Skandinavia, hakijitoshelezi. Maana yake huamuliwa na kile kinachokifuata.

Kikifuatwa na jina la kitu, kama katika "I got a letter", ni kupata au kupokea. Kikifuatwa na sifa, kama "he got tired", ni kuingia katika hali fulani, nasi husema tu "alichoka". Kikifuatwa na mahali, kama lango lile la bosi wako, ni kufika.

Kilichokukwamisha wewe ni neno "checked", ambalo ulilichukua kuwa sifa ya kontena. Mama anaposema "nimeshonesha gomesi", yaani lile vazi la heshima la wanawake wa Uganda, hakuna Mganda anayedhani kwamba alishika sindano mwenyewe, wala kwamba aliliokota gomesi lililokwisha kushonwa. Sote tunajua alipeleka kitambaa kwa fundi na kazi ikafanyika. Bosi wako alitumia muundo huohuo: hakikisha kontena linakaguliwa, na mkaguzi awe mwingine. Angeandika "get the driver to sign", kazi yako ingekuwa kumfanya dereva atie sahihi. Angeandika "the container got checked", angekuwa anakuarifu kwamba limekwisha kukaguliwa. Kitenzi ni kilekile, lakini mpangilio wa maneno umebadilika, na jambo hilo orodha ya maana 60 haiwezi kukufundisha hata ukiikariri usiku na mchana.

Linalonikera zaidi ni kwamba wanaouza orodha hizi hawajakitazama hata hicho "kupata" wanachokitegemea. Kisu kinachopata ni kisu kikali, mtu hupatwa na homa, waliogombana hupatana, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotafsirika kwa "get" peke yake. Kosa hili huumiza pia kwa upande wa pili. Nimesahihisha taarifa nyingi za madereva zilizoandikwa "I got an accident", kwa sababu sisi husema "nilipata ajali", ilhali Mwingereza huandika "I had an accident".

Wapo pia wanaowaambia wanafunzi walifute neno hili katika kila barua, eti si la wasomi. Ni kweli kwamba barua rasmi hupendelea "receive" na "become", lakini bosi wako, wateja wako na madereva wa malori wataendelea kulitumia kila siku, na anayelikimbia katika kuandika atashindwa kulielewa katika kusoma.

Kwa hiyo fungua ujumbe wote aliowahi kukutumia bosi wako, na kila unapoliona, pigia mstari maneno yanayolifuata, si lenyewe. Akija mtu na orodha nyingine ya maana za "take", "make" au "put", kabla hujatoa pesa mfukoni mwulize kama ndani yake mna sentensi nzima. Asipokuonyesha hata moja, usinunue.