Barua kwa mwanangu: fadhila nane za Britannia

Bukavu

Mwanangu Bahati,

Jambo sana. Ujumbe wako umefika pamoja na picha za ramani. Umesema wewe na wenzako huko Lubumbashi mnatengeneza mchezo wa kompyuta wenye dunia yake ya kubuni, na mnataka kuupa falsafa kama ile ya Britannia, dunia ya michezo ya Ultima. Umeniuliza mambo mawili: kwa nini katika mfumo ule unyenyekevu hautoki katika msingi wowote, na kama mnaweza kuzichukua fadhila zote nane jinsi zilivyo. Nianze na la kwanza, maana la pili linalitegemea.

Mfumo huo ulianza na Ultima IV, kazi ya Richard Garriott iliyotoka mwaka 1985. Michezo mitatu ya kabla yake ilikuwa na adui mkuu wa kuangamizwa. Huu wa nne hauna. Mchezaji anashinda kwa kuwa mtu mwema, basi. Misingi ni mitatu: Ukweli, Upendo na Ujasiri. Ukweli peke yake unazaa uaminifu, Upendo unazaa huruma, Ujasiri unazaa ushujaa. Ukiunganisha Ukweli na Upendo unapata haki; Upendo na Ujasiri, kujitoa; Ukweli na Ujasiri, heshima. Yote mitatu kwa pamoja inazaa maisha ya kiroho. Hapo umefika saba. Lakini vitu vitatu, kila kimoja kikiwa kipo au hakipo, vinatoa hali nane, na hali ya nane ni ile ambayo hakuna hata kimoja. Nafasi hiyo ndiyo waliyoipa unyenyekevu.

Rangi za mawe ya mchezo zinafuata hesabu hiyohiyo: Ukweli ni buluu, Upendo njano, Ujasiri nyekundu, haki ikawa kijani, kujitoa rangi ya chungwa, heshima zambarau. Maisha ya kiroho ni jeupe na unyenyekevu ni jiwe jeusi. (Mchoraji atakwambia buluu na njano zinatoa kijani kwenye rangi za kupaka, ila weupe unatokana na mwanga, kwa hiyo wamechanganya kanuni mbili. Tusiwabane kwa hilo.)

Wapo wanaosema unyenyekevu ni kiraka, kwamba walibakiwa na nafasi tupu wakatafuta neno la kuijaza. Mimi naona ndio sehemu iliyofikiriwa vizuri kuliko zote. Angalia kila msingi ukiharibika unakuwa nini. Mwenye ukweli anaanza kuwadharau wasiojua. Mwenye upendo anaanza kudai ashukuriwe. Jasiri anataka watu wamtazame. Kiburi kinaingia kwa mlango wa wema wenyewe, kwa hiyo dawa yake haiwezi kutengenezwa kwa kuongeza wema mwingine juu yake. Mnyenyekevu anaweza kuwa na ukweli, upendo na ujasiri tele, ila hajihesabii. Uzito wa jambo hilo unaonekana kwenye ramani. Magincia, mji wa unyenyekevu, ni magofu yenye mizimu kwa sababu wakazi wake waliangamia kwa kiburi chao. Madhabahu ya unyenyekevu inalindwa na mashetani, na kuwapita kunahitaji baragumu la fedha. Na mchezaji ambaye majibu yake ya mwanzo yanauchagua unyenyekevu anapewa kuwa mchungaji wa kondoo, mhusika dhaifu kuliko wote, na safari yake inaanzia kwenye magofu yaleyale.

Sasa uone jinsi fadhila zinavyopimwa, kwa sababu hapo ndipo wanaoiga mfumo huu wanaanguka.

Kila fadhila ina alama zake zilizofichwa, zinazoanzia karibu na 50 na kuishia 99. Mchezaji hazioni popote. Anachoweza kufanya ni kwenda kwenye kasri la mfalme kumuuliza mwaguzi Hawkwind, naye anamjibu kwa maneno tu, bila tarakimu. Alama zikijaa, anakwenda kwenye madhabahu ya fadhila hiyo akiwa na jiwe lililochongwa herufi yake, anatafakari mizunguko mitatu akitaja neno la siri, na anapata sehemu moja kati ya nane za ukamilifu. Akitenda ubaya baadaye, sehemu hiyo anaweza kunyang'anywa.

Kipimo bora kuliko vyote ni wauzaji wa viungo vya uganga. Wanauza kitunguu saumu, ginseng, utando wa buibui, lulu nyeusi, na wote ni vipofu. Unataja kiungo na idadi, muuzaji anakutajia bei, kisha unaulizwa unalipa kiasi gani. Tarakimu unaiandika mwenyewe. Tuseme bei ni 30: ukiandika 3, anapokea na biashara inaendelea. Hakuna askari anayekuja, wala sauti ya onyo. Chini kwa chini lakini umepoteza alama 10 za uaminifu, 10 za haki na 10 za heshima. Ukilipa sawasawa unapata 2 kwa kila moja. Yaani wizi mmoja unazibwa kwa malipo matano ya haki, na hujui hata kwamba una deni.

Ni kama kopo la maziwa la Guigoz wanalopimia pale soko la Kadutu. Mama anayepima maharagi anaweza kuligonga kitako likaingia ndani kidogo, na mnunuzi asione kitu kwa sababu huku juu limejaa mpaka kilima. Aliyeacha kopo zima na kuongeza matabisi, yaani nyongeza ya bure, juu yake, kwa macho yuko sawa na mwenzake. Kipimo cha uaminifu kinahitaji hali ya namna hiyo: kudanganya kuwe rahisi, kuwe na faida ya papo hapo, na kusiwe na shahidi. Mkiondoa hata kimoja kati ya hivyo vitatu, mtakuwa mnapima woga au akili ya hesabu.

Unyenyekevu nao unapimwa kwa mazungumzo. Mtu unayekutana naye njiani anauliza kama wewe ni bora kuliko wote. Ukijisifu unapoteza 5, ukijishusha unapata 10. Hapa pana udhaifu, nakubali, kwa sababu mchezaji akishajua swali linatafuta nini, anajibu "hapana" huku moyoni anajipongeza. Mkitaka kurekebisha, liulizeni swali mara tu baada ya ushindi mkubwa, na wekeni faida katika kujisifu: punguzo la bei, au mlango unaofunguliwa kwa mashujaa tu.

Kipimo cha huruma ndicho kilichovuja kabisa. Kumpa maskini sarafu kunaongeza alama 2 bila kujali umetoa ngapi. Wachezaji waligundua upesi: mwenye sarafu nyingi anatoa moja moja, na huruma inajaa kwa bei ya kitunguu. Kwenu pimeni sehemu ya mali, msipime idadi. Anayetoa 5 akiwa na 10 asilingane na anayetoa 5 akiwa na 5000. Kipimo chao cha kujitoa kimesimama vizuri zaidi, kwa sababu mganga anakuomba damu na unapoteza pointi 100 za uhai, kitu unachokihitaji kesho yake vitani. Ushujaa haunipendezi: unaongezeka kwa kuua viumbe waovu na kupungua kwa kuwakimbia, na mwisho wake ni mtu anayetafuta ugomvi. Ila kuna jambo zuri pembeni yake. Wanyama wasio waovu wakikimbia nawe ukawaacha waende, unapata huruma na haki. Kutotenda nako kunahesabiwa.

Kwa nini kuficha alama ni lazima? Jibu lake liko kwenye mchezo uliofuata, wa mwaka 1988. Mfalme amepotea, na Blackthorn anayetawala badala yake anazigeuza fadhila zote nane kuwa sheria. Asemaye uongo atapoteza ulimi. Kila mtu atoe nusu ya mapato yake kwa maskini, ama asiwe na mapato kabisa. Aliyepoteza heshima yake ajiue. Na ile ya nane: jinyenyekeze mbele ya wakubwa wako, ama upate ghadhabu yao. Soma hiyo ya mwisho tena. Fadhila ambayo haikuwa na mzizi imepewa mwelekeo, kutoka chini kwenda juu, na papo hapo imekuwa utii. Blackthorn hakubadilisha jina la fadhila hata moja. Aliondoa tu ile nafasi ya kufanya kinyume bila kuonekana. Upau wa alama pembeni ya kioo unafanya kazi ileile kwa upole zaidi, kwa hiyo msiuweke.

Kuna pengo moja ambalo naona lilimsaidia Blackthorn. Zikumbuke fadhila za katekisimu: imani, matumaini na mapendo, kisha zile nne za msingi, busara, haki, nguvu na kiasi. Zilinganishe na orodha ya Britannia. Haki ipo, nguvu ipo kwa jina la ushujaa, mapendo yapo. Busara haipo, na kiasi hakipo. Orodha isiyo na busara haina wa kuuliza "hapa, leo, kwa mtu huyu, ipi itangulie?" Kila fadhila inabaki amri inayojitegemea, na amri zinazojitegemea ni rahisi kuandikwa kwenye karatasi ya serikali.

Au niseme busara ipo, ila kwa dakika chache tu. Mwanzoni kabisa mchezaji anakaa mbele ya mpiga ramli mwenye kadi, na anaulizwa maswali saba. Kila swali linagonganisha fadhila mbili. Mfano: umetumwa kupeleka mfuko wa dhahabu ambayo haikuhesabiwa, njiani unakutana na maskini, utaufikisha ulivyopewa, au utamtolea sarafu moja ambayo hakuna atakayejua imepungua? Uaminifu na huruma, zote nzuri, na lazima moja ishindwe. Nane zinabaki nne, nne zinabaki mbili, mbili zinabaki moja: maswali manne, mawili, moja. Hayo ndiyo maswali mazito kuliko yote katika mchezo, na baada ya hapo hayarudi. Safari nzima inayofuata inagonganisha wema na ubaya tu.

Michezo iliyofuata nakutajia kwa ufupi. Ule wa sita, wa mwaka 1990, unakukutanisha na gagoili, watu wenye mabawa ambao ulikuwa ukiwadhani mashetani, nao wana misingi yao mitatu: Udhibiti, Shauku na Bidii. Kwao wewe shujaa ndiye mwizi wa kitabu kitakatifu na mharibifu wa nchi. Wa saba, wa mwaka 1992, una chama cha kidini chenye mafundisho matatu matamu: tafuta umoja, mwamini ndugu yako, ustahili hutangulia malipo. Hilo la tatu lichunguze vizuri kabla hamjaandika dini ya kwenu, kwa maana ukiligeuza linasema kwamba asiye na kitu hakustahili kitu.

Basi swali lako la pili. Msizichukue nane zile. Chukueni ufundi wake: misingi mitatu, na hali nane zinazotokana nayo. Tafuteni misingi ambayo watu wa dunia yenu wenyewe wangeitaja, kisha muone kila mchanganyiko unazaa nini. Mkikosa jina la mchanganyiko mmoja, msilazimishe, badilisheni msingi. Ile nafasi tupu iachieni fadhila ambayo anayeikimbilia haipati. Ikiwa kwenu itakuwa unyenyekevu tena, sawa.

Busara msiifanye fadhila ya tisa. Itavuruga michanganyiko, na jozi za fadhila zitapanda kutoka 28 hadi 36. Iwekeni kwenye maswali. Fadhila nane zinatoa jozi 28, kwa hiyo andikeni maswali 28, saba ya mwanzo na yale mengine 21 muyatawanye njiani, kila moja likiwa tukio ambalo mchezaji analipitia bila kuambiwa kwamba ni mtihani. Mkipunguza fadhila ziwe sita, jozi zinabaki 15, lakini ule mtoano wa mwanzo hautakaa sawa. Lazima kuwe na fadhila inayopita duru moja bila kupambanishwa.

Andikeni maswali kabla ya kuendelea na ramani. Ramani yenu ni nzuri, ila ina miji tisa na sioni ule wa tisa ni wa nini. Anzeni na jozi ya huruma na haki, ndiyo itakayowasumbua, na mkiwa na matoleo mawili matatu nitumie niyasome.

Wasalimie wenzako.

Mama