Ghala lako halina watu wa kutosha? Anza na kazi wanayoikimbia

Kila msimu wa mauzo makubwa unapokaribia, wasimamizi wenzangu wa maghala hunipigia simu wakiwa na kilio kimoja: watu hawapatikani. Wametangaza nafasi, wamewatafuta mawakala wa vibarua, wameongeza malipo ya saa za ziada, na bado zamu ya usiku inaanza ikiwa na mapengo. Kinachofuata huwa ni swali lile lile: tununue roboti gani?

Huwa ninawarudisha nyuma kidogo. Kabla ya kuuliza mashine gani, jua kwanza ni kazi gani inayokukimbizia watu. Ghala linalolia upungufu wa wafanyakazi mara nyingi huwapata, kisha linawapoteza ndani ya wiki chache, linaajiri wengine, nao wanaondoka. Ukiweka mashine kwenye kazi ambayo hakuna aliyekuwa akiilalamikia, utatumia fedha nyingi na watu wataendelea kuondoka vile vile.

Nilijiwekea utaratibu wa kukaa na kila anayeaga, kwa dakika chache tu, nikamuuliza: kwenye zamu yako, ni kazi gani ulikuwa ukiomba usipangiwe? Swali la "kwa nini unaondoka" nililiacha, maana jibu lake huwa ni la heshima tu: nimepata kazi karibu na nyumbani, nina mambo ya familia. Lakini ukimuuliza mtu kuhusu kazi aliyoichukia, anafunguka. Majibu yalikuwa machache na yalijirudia: kupakua kontena lililojazwa katoni moja moja bila paleti (jukwaa la mbao la kupangia mizigo), kufunga paleti kwa nailoni, na kutembea kutwa nzima.

Chukua hiyo ya nailoni. Mtu anashika roli kwa mikono miwili, anainama hadi usawa wa vifundo vya miguu, anaanza kuizunguka paleti kinyumenyume huku akivuta nailoni ili ikaze, anapanda nayo taratibu mpaka juu ya kichwa, kisha anashuka tena. Paleti moja si kitu. Zikifika arobaini, kiuno kinawaka na kichwa kinazunguka. Mashine inayoondoa adha hiyo ni sahani nene ya chuma inayozungusha paleti, na mlingoti pembeni unaopandisha na kushusha roli. Hakuna mgeni anayekuja ghalani kuipiga picha. Lakini foklifti, lile gari dogo la kunyanyulia mizigo, ikishaweka mzigo, mtu anabonyeza kitufe na kwenda kuandaa paleti inayofuata akiwa amesimama wima.

Kwenye ghala ambalo watu wanalikimbia, ningeanza na mashine hiyo, pamoja na mkanda wa kusafirishia mizigo, ule wa kurefuka, unaoingia hadi ndani ya kontena ili mpakuaji asitembee na katoni mikononi. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, kwenye kanuni yake ya kunyanyua mizigo iliyofanyiwa marekebisho mwaka 1991, inaweka kilo 23 kuwa ukomo pale hali zote zinapokuwa nzuri: mzigo uko karibu na mwili, hauko chini sana wala juu sana, na anayenyanyua hapindi kiuno. Ndani ya kontena, mtu ananyoosha mikono juu, anainama hadi sakafuni, anageuka na mzigo. Ukomo wa kweli wa mwili wake uko chini ya hapo kwa mbali, na ukitaka akae kazini miaka, lazima ulijue hilo kabla hujalalamika kwamba vijana wa siku hizi hawataki kazi.

Kutembea ndiko kunakokula zamu

Vitabu vya taaluma hii vinakadiria kwamba kukusanya oda, yaani kuchomoa rafuni bidhaa alizoagiza mteja, kunachukua karibu asilimia 55 ya gharama za kuendesha ghala la kawaida, na kwamba zaidi ya nusu ya muda wa mkusanyaji inaishia kwenye kutembea. Muda wa kuchomoa bidhaa kwenye rafu na kuiweka kwenye toroli ni mdogo mno ukilinganisha. Kwa hiyo ukisema umepungukiwa na wakusanyaji kumi, sehemu kubwa ya hao kumi ungewalipa ili watembee.

Usiniamini mimi wala vitabu. Mfuate mkusanyaji mmoja zamu nzima, ukiwa na daftari na ramani ya ghala lako, uchore njia anayopita. Niliwahi kumfuata dada mmoja hodari, mwepesi kuliko wote kwenye zamu yake, na kwenye oda moja alipita njia ile ile ya rafu mara tatu. Orodha aliyopewa ilikuwa imepangwa kwa alfabeti ya majina ya bidhaa, na rafu zilipangwa kwa utaratibu mwingine kabisa. Alikuwa akifuata karatasi kama alivyoagizwa. Programu ikipanga orodha hiyo kwa mfuatano wa rafu, na ikamruhusu kukusanya oda kadhaa kwa mzunguko mmoja kwenye toroli lenye vyumba, unapata nguvu kazi ambayo tayari ilikuwa ndani ya jengo.

Kazi ya pili ya programu ni kukuambia nini kinatoka sana. Karibu kila ghala lina kundi dogo la bidhaa linalobeba sehemu kubwa ya oda, na kundi hilo linatakiwa kuwa karibu na meza za kufungashia, kwenye rafu za usawa wa kiuno hadi kifua. Kazi ya kuzihamisha haina gharama zaidi ya jasho la siku za mapumziko, lakini inabidi irudiwe, kwa sababu bidhaa zinazotoka sana msimu huu si lazima ziwe zile za msimu ujao.

Kumbukumbu iliyo kichwani mwa mzee wa ghala

Kuna hasara ya upungufu wa watu ambayo haionekani kwenye jedwali la mahudhurio. Kila ghala lina mtu mmoja au wawili wanaojua kila kitu kilipo. Wanajua kwamba katoni zenye utepe mwekundu zilihamishiwa nyuma ya ngazi, kwamba bidhaa mbili zinazofanana zinatofautiana kwa tarakimu ya mwisho tu. Siku wakiugua, ghala linajikokota. Na kila mgeni unayemwajiri anawasimamisha mara ishirini kwa siku kuuliza, kwa hiyo unapoteza kazi ya watu wawili kwa wakati mmoja.

Hapa ndipo ninapoona faida kubwa kuliko zote ya otomatiki, yaani kuiachia mashine na programu sehemu ya kazi, na inasikitisha kwamba wauzaji huitaja mwishoni. Taa zilizofungwa kwenye rafu, ambazo huwaka mahali pa kuchukua na kuonyesha idadi, humfanya mtu aliyeajiriwa asubuhi afanye kazi ya maana kabla ya chakula cha mchana. Vivyo hivyo vifaa vya sauti vinavyomtajia mtu rafu na idadi masikioni, naye akajibu kwa kusoma tarakimu za uthibitisho zilizo kwenye rafu, mikono ikiwa huru. Skana ndogo ya kusoma msimbopau inayovaliwa kidoleni inamzuia kuchukua bidhaa isiyo yenyewe: inalia papo hapo, badala ya mteja kulalamika baada ya wiki. Kwa ghala ambalo watu hubadilika mara kwa mara, kupunguza muda wa kujifunza kutoka wiki hadi saa ni sawa na kuongeza wafanyakazi. Na yule mzee anapumua, anaweza kufanya kazi inayostahili ujuzi wake.

Vyote hivyo vinategemea kitu cha zamani. Msimbopau wa aina tunayoijua leo, ile mistari myeusi kwenye bidhaa, ulisomwa kwa mara ya kwanza dukani tarehe 26 Juni 1974, mjini Troy, jimbo la Ohio, Marekani, kwenye pakiti ya jojo. Nusu karne imepita, na bado naingia kwenye maghala yanayotaka roboti wakati nusu ya rafu zake hazina lebo. Binadamu akikuta rafu tupu atanyoosha shingo, ataangalia rafu ya jirani, ataikuta katoni iliyowekwa vibaya na kazi itaendelea. Mashine haifanyi hivyo. Itakuletea rafu tupu kwa uaminifu wote, kwa sababu kumbukumbu zinasema kuna vipande kumi na viwili. Kwa hiyo bandika lebo kwenye kila nafasi, kagua vipimo na uzito wa kila bidhaa kwenye kompyuta, na hesabu sehemu ndogo ya mali kila siku badala ya kufunga ghala zima mara moja kwa mwaka. Kama hesabu ya rafuni na ya kwenye kompyuta hazilingani, usitie saini mkataba wowote wa roboti.

Roboti zenyewe

Mfumo uliobadilisha mawazo ya watu wengi ulitoka Kiva Systems, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2003 na Mick Mountz. Wazo lake lilikuwa jepesi kuelezeka: badala ya mtu kuifuata rafu, kiroboti kifupi kinaingia chini ya rafu, kinainyanyua na kuipeleka kwa mtu aliyesimama mahali pamoja. Amazon iliinunua kampuni hiyo mwaka 2012 kwa dola milioni 775 na baadaye ikaacha kuwauzia wengine, jambo lililofungua njia kwa kampuni nyingine kutengeneza roboti za aina yake. Mwaka 2025 Amazon ilitangaza kufikisha roboti milioni moja kwenye maghala yake. Na bado ina wafanyakazi zaidi ya milioni moja. Kila anayeniambia anataka ghala lisilo na watu huwa namwomba atafakari hapo. Mkono wa binadamu unaochomoa soksi, chupa na betri kutoka chombo kimoja bila kuharibu chochote bado ni mgumu kuigwa; kazi ambayo roboti imeishika vizuri ni ya kusafirisha.

Kabla roboti haijaingia, angalia sakafu. Nyufa na viungo vya zege ambavyo foklifti inavipita bila kujali huisumbua roboti yenye magurudumu madogo. Angalia mtandao wa intaneti kwenye kila kona, hasa katikati ya rafu ndefu za chuma, ambako mawimbi hufifia. Angalia umeme, na jiulize nani atakuja saa nane usiku mashine ikisimama. Usalama wa moto nao usiuchukulie kama karatasi ya kujaza. Februari 2019 ghala la Ocado, kampuni inayouza vyakula mtandaoni, lililoko Andover, Uingereza, liliteketea baada ya hitilafu kwenye sehemu ya kuchajia betri ya roboti, na Julai 2021 moto mwingine ulizuka kwenye ghala lao la Erith baada ya roboti tatu kugongana. Rafu zilizobanana ndizo zinazookoa nafasi, na hizo hizo ndizo zinazowapa wazima moto tabu ya kufikia chanzo. Waite kabla ya kujenga, wakutembelee, wakuambie watapita wapi.

Usinunue roboti za kutosheleza siku yako yenye oda nyingi kuliko zote mwakani. Nunua za kubeba mzigo wa siku za kawaida, kisha kodi za ziada kwa msimu. Kampuni kadhaa hukodisha kwa mwezi. Na tazama mlundikano unahamia wapi. Ukusanyaji ukienda mara mbili zaidi, masanduku yatajaa kwenye meza za kufungashia, na watu uliodhani umewaokoa utawahitaji pale.

Waambie watu wako mapema

Fununu huenea ghalani kabla sanduku la kwanza la mashine halijafunguliwa, na mfanyakazi anayedhani anafukuzwa huondoka kwanza, hasa yule mzuri ambaye anapata kazi kokote. Kama una upungufu wa watu, hilo ndilo pigo usiloweza kulimudu. Sema wazi ni kazi gani inaondoka, nani anahamia wapi, na mshahara wake utakuwaje. Mafundi wa kuangalia mashine wachague kutoka sakafuni. Mtu aliyekusanya oda kwa miaka anajua kwa sikio kwamba mkanda unakwaruza kabla taa nyekundu haijawaka. Kumfundisha kubadilisha kihisi ni rahisi kuliko kumfundisha mgeni jinsi ghala linavyopumua.

Ulinde na mwili wa yule aliyesimama mahali pamoja akiletewa rafu. Miguu yake imepumzika, lakini mkono wake sasa unarudia mwendo ule ule maelfu ya mara, kwa kasi inayopangwa na mashine. Zungusha majukumu kila baada ya saa mbili hivi, rekebisha urefu wa meza kulingana na urefu wa mtu, weka mkeka laini chini ya miguu. Kasi nayo iwe mikononi mwa msimamizi wa zamu anayewaona watu wake, isiamuliwe na mtu aliye mbali anayetazama grafu. Nimeona ghala likinunua mashine nzuri, likapandisha viwango vya kazi hadi mwisho, na miezi michache baadaye likarudi kubandika matangazo yale yale ya nafasi za kazi.

Na siku ya kwenda kuona mashine kwa muuzaji, usikubali kuonyeshwa kwa masanduku yake mapya yenye kona kali. Beba katoni zako mwenyewe, zikiwemo zilizobonyea, zilizolowa kidogo, zenye lebo iliyokunjamana na ile ndefu isiyoingia popote. Nenda na wakusanyaji wawili, uwaache waitumie kwa saa kadhaa bila muuzaji kusimama pembeni, na wakirudi garini waulize wao kwanza.