Swali la lugha: Mubashara, papo hapo au papo kwa papo?

Msomaji wa Ujiji, Kigoma, anatengeneza programu ya simu itakayowaonyesha wachuuzi bei za dagaa katika mwalo wa Kibirizi. Anaiandika kwa ClojureScript, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, na kila akibadili mstari kwenye kompyuta, simu iliyo mezani nayo inabadilika bila programu kufungwa na kufunguliwa tena. Anauliza: "Kazi hii niiite uandishi mubashara? Na ni sawa kusema programu inakimbia?"

Ndugu yangu, mubashara liachie mpira na mikutano ya hadhara. Neno hilo, lenye asili ya Kiarabu, kwetu limeshika maana ya tukio kurushwa hewani wakati uleule linapotokea, kwa ajili ya watazamaji. Wewe uko peke yako na kompyuta yako. Humrushii mtu kitu.

Yapo maneno mawili yanayokufaa zaidi, na nakuomba usiyachanganye. Papo hapo ni mara moja, bila kungoja. Umegeuza kitufe cha "Agiza" kutoka kijivu kuwa kijani: orodha ya bei haikutikisika, jina la mteja ulilolifikisha nusu lingali kwenye kisanduku chake, kitufe tu ndicho kimebadilika. Hayo ni mabadiliko ya papo hapo. Papo kwa papo hutumika vilevile kwa maana hiyo, lakini lina utamu wake wa zamani: kurudiarudia palepale, kama wahenga waliposema papo kwa papo kamba hukata jiwe. Hivyo hasa ndivyo wanavyofanya kazi watu wa Lisp, lugha ya kompyuta aliyoianzisha John McCarthy mwaka 1958. Unaandika kipande ndani ya mabano, kompyuta inakisoma, inakikokotoa, inakuonyesha jibu, kisha inangoja kingine. Clojure ya Rich Hickey, lugha ya ukoo wa Lisp iliyotoka 2007, imeurithi mtindo huo. Na kwa kuwa ClojureScript yako ni Clojure inayogeuzwa kuwa JavaScript, lugha ambayo simu inaweza kuitumia, mtindo umefika hadi kwenye simu yako. Basi mimi ningesema hivi: matokeo ni ya papo hapo, uandishi ni wa papo kwa papo.

Programu haikimbii. Inafanya kazi, au inatumika. Na hapa sarufi yetu ina hazina ambayo waandishi wengi wa teknolojia wanaipita: kiambishi -ki-, kinachoonyesha jambo likiwa linaendelea. Mpishi huonja chumvi chungu kikiwa motoni. Wewe umeirekebisha programu ikiwa inatumika. Silabi moja imebeba jambo zima, wala huhitaji kuunda nomino ndefu ya kulieleza.

Neno moja zaidi, ingawa hukuliuliza. Katika barua yako umeandika "nabadili kodi", ukimaanisha code ya Kiingereza, yaani maandishi ya programu. Andika msimbo. Mchuuzi wa Kibirizi akikusikia unasema unabadili kodi, atadhani ushuru wa dagaa umepanda.