Kipozeo cha Glikoli cha Kujitengenezea: Maswali ya Wafugaji

Nakamua lita 50 kila jioni na gari la maziwa huja asubuhi. Nimepata AC kuukuu ya dirishani ya BTU 9,000. Je, itatosha? (Njoro)

Itatosha, mradi hesabu itangulie kazi ya vyuma. Katika kipozeo hiki, koili ya baridi ya AC huzamishwa katika sanduku la glikoli, yaani kioevu kisichoganda upesi kikichanganywa na maji, kisha pampu huzungusha kioevu hicho katika koili nyingine iliyo ndani ya maziwa. Maziwa hutoka kiweleni yakiwa na joto la nyuzi 37 hivi, na ili yafike asubuhi bila kuchacha ni lazima yashuke hadi nyuzi 4. Kushusha joto la lita moja kwa nyuzi moja ni kuondoa takriban kilojuli 4. Kwa hiyo lita 50 zinadai kilojuli 6,600, ambazo hazifiki kilowati-saa 2. BTU 9,000 kwa saa, yaani nguvu ya kupoza ya AC yako, ni kilowati 2.6, lakini kipimo hicho ni cha mashine inayopoza hewa ya chumba, na inapopoza kioevu kilicho karibu na sufuri nguvu yake hupungua sana. Mimi huhesabu nusu tu, na hata nusu hiyo inamaliza kazi kwa saa moja na nusu, iwapo maziwa yanakorogwa. Ukijaza lita 80 za glikoli katika sanduku lenye kuta nene za povu na kuzipoza tangu mchana hadi nyuzi 3 chini ya sufuri, utakuwa na akiba inayoweza kubeba karibu robo ya mzigo huo.

Unapofungua mashine, koili ya baridi ikunjwe polepole kuingia sandukuni bila kukata wala kubonyeza bomba la shaba. AC nyingi za siku hizi hutumia gesi inayoweza kushika moto, kwa hiyo bomba likitoboka, zima stima, fungua milango na umwite fundi wa friji.

Kulanti ya gari, kile kioevu cha kupozea injini, ni rahisi kupatikana hapa mjini. Kwa nini nisiitumie? (Kisumu)

Tafadhali usiitumie kabisa. Kulanti nyingi za magari zimetengenezwa kwa glikoli ya ethilini, sumu inayoua figo, nayo ina ladha tamu. Koili iliyo ndani ya maziwa ikitoboka, mtoto atakunywa bila kushuku lolote. Nunua glikoli ya propilini ya daraja la chakula, iliyotiwa dawa ya kuzuia kutu, na umdai muuzaji karatasi ya maelezo yake kabla ya kulipa. Changanya sehemu 3 za glikoli na 7 za maji. Mchanganyiko huo haugandi hadi takriban nyuzi 13 chini ya sufuri. Ukizidisha glikoli, kioevu huwa kizito na hubeba joto vibaya. Ukipunguza chini ya asilimia 20, bakteria huanza kuila. Maji ya visima, hasa ya upande wa Nakuru yenye floridi nyingi, yana madini, kwa hiyo tumia maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri, ukihakikisha kwamba si asidi.

Koili ya baridi iliyo sandukuni imevaa ganda la barafu na maziwa hayapoi. (Bungoma)

Ama mchanganyiko ni mwepesi, ama kioevu kimetulia. Upime kwa rifraktomita, kifaa kinachoonyesha kiasi cha glikoli katika maji, yenye kipimo cha propilini, kwani jicho haliwezi kukuambia, kisha uweke pampu ndogo ya pili ambayo kazi yake ni kuzungusha kioevu ndani ya sanduku tu.

Stima hukatika na kurudi papo hapo. (Molo)

Kompresa, yaani pampu ya gesi ya AC, ikiwashwa kabla shinikizo la gesi halijalingana pande zote mbili, mota hukwama na inaweza kuungua. Weka kidhibiti joto chenye uwezo wa kuchelewesha kuwaka kwa dakika 3 hadi 5. Mota na vioevu vikiwa pamoja, waya wa ardhini na swichi inayokata umeme unaovuja ni lazima.

Matunzo ni yapi? (Kisumu)

Piga brashi kondensa, ile koili ya AC inayotoa joto nje, kila mwezi, na mara nyingi zaidi msimu wa wadudu wa ziwani, ambao huziba mapezi yake hadi hewa isipite. Mashine ikae kivulini, mbali na ukuta. Kila baada ya miezi mitatu pima pH, yaani kiwango cha asidi, ya kioevu: ikishuka chini ya 7, glikoli imechoka na imeanza kula shaba. Ibadilishe, wala usiimwage mtaroni, kwa sababu ikifika ziwani na kuoza humaliza oksijeni ambayo samaki huitegemea.