Muulize Ami Fundi: mbavu za gitaa zinanivunjikia kiunoni

Shikamoo Ami. Mie kijana wa Wete, Pemba, kazi yangu useremala, milango na vitanda. Mwaka huu nimeamua kutengeneza gitaa kwa mkono wangu mwenyewe, nimepata mninga mkavu mzuri, lakini mbavu, zile mbao nyembamba za ubavuni, zinanivunjikia, ishakatika ya tatu sasa, kila nikifika kwenye kiuno nasikia tu "tak". Nimeziroweka usiku kucha na bado. Na jengine, nataka uso, ule ubao wa mbele wenye tundu, nao niutie mninga huo huo gitaa lote liwe rangi moja, inafaa?

Marahaba mwanangu. Pole sana, uchungu huo naujua, mana ubavu mmoja unauranda siku nzima halafu unakwenda kwa mara moja.

Kinachokunja mbao ni moto, maji yanasaidia tu. Ndani ya mti mna kitu kinaitwa lignini, ndo kinachoshikanisha nyuzinyuzi zake kama gundi, kikipata moto kinalegea, kikipoa kinashika vilevile ulivyoukunja. Ukiroweka usiku kucha mbao inajaa maji, moto wote unamalizikia kuyakausha. Wewe ilowanishe kwa kitambaa pale pale unapotaka kuikunja, basi. Chukua kipande cha bomba la chuma, kibane kwenye jiriwa, tia moto wa gesi kwa ndani, kisha dondosha tone la maji juu yake: likitulia likachemka bado, likirukaruka na kukimbia tayari. Anza na kiuno, na kwa upande wa nje kamata kipande cha bati jembamba lishikane na mbao, kwa sababu panapopasuka siku zote ni kule nje kunakovutwa, sasa bati linapashikilia. Usisukume. Ibembeleze mbao juu ya bomba, ipeleke na kuirejesha, utafika pahala mkono wenyewe unahisi imeachia, inakuwa kama ngozi, hapo ndo unaikunja, ukiilazimisha kabla ya hapo utaisikia tena hiyo "tak" yako.

Unene hukunambia, na mie nahisi ugonjwa uko hapo, manake sisi tuliozoea milango tunaogopa wembamba. Ubavu uwe milimita 2, tena sawasawa kote, ukiacha huku 3 huku 2 utakatika tu pale pembamba. Halafu utazame ubao kwa ubavuni, nyuzinyuzi zake zikiwa zinakwenda mshazari na kutokeza nje usiukunje, huo weka kwa mgongo.

Uso wa mninga hapana mwanangu, hapo sikubaliani na wewe hata kidogo. Mninga mzito, na uso ndo unaotikisika ukatoa sauti. Kule Hispania mwaka 1862 fundi Antonio de Torres alitengeneza gitaa lenye mgongo na mbavu za karatasi zilizogandishwa, uso tu ndo alitia mbao ya sprusi, na sababu yake ilikuwa hiyo hiyo, kuonesha sauti inatoka wapi. Sprusi ni mti wa nchi za baridi, mwepesi lakini mgumu kupinda. Kama huna njia ya kuagizia, tafuta gitaa bovu lililovunjika shingo uubandue uso wake, ila kwanza chungulia ukingo wa tundu: mistari ya juu ikishuka mpaka chini ni mbao kweli, ukiona matabaka matabaka ni plaiwudi, wacha. Uupunguze mpaka milimita 2 na nusu hivi kwa nyuzi za nailoni. Na usigundishe vile vijiti vya ndani vinavyoushikilia uso wakati wa masika, ngoja, mana mbao iliyovimba kwa unyevu ukiifunga vijiti ikija kunywea inapasuka katikati. Kama kuna jamaa ana chumba cha eisii, iweke humo wiki mbili kwanza.

Ami, mie mwengine, nipo Mwanakwerekwe, Unguja, natengeneza gitaa, shingo nimeshaichonga, mkangazi, na ubao wa vidole mpingo. Freti, vile vichuma vya kukata ubao wa vidole, napimaje? Nlikopi kwenye gitaa la rafiki yangu na halikubali kutyuni.

Lako na la rafiki yako urefu wa uzi si mmoja, ndo mana. Pima kutoka kifupa cha kichwani mpaka kile cha kwenye daraja. Tuseme milimita 650: gawa kwa 17.817, unapata 36.48, hapo freti ya kwanza. Inayobaki ni 613.52, gawa tena kwa 17.817, 34.43, hiyo kutoka ya kwanza mpaka ya pili, na unaendelea hivo hivo, na ya 12 lazima iangukie 325, nusu kamili, isipoangukia hapo hesabu umekosea rudi mwanzo. Ukishazipata zote zijumlishe, halafu kila alama uipime kutoka kifupa cha kichwani, usihamishe rula freti kwa freti kwa sababu kosa la unywele mmoja mara 12 ni kosa kubwa. Chora kwa ncha ya kisu, si penseli, mana penseli mstari wake mnene.