Kabla Hujaandika Barua ya Kuacha Kazi kwa Sababu ya Ugonjwa

Kwa miaka mitano nilitunza hesabu za duka moja la vifaa vya ujenzi Kariakoo, Dar es Salaam, siku tatu kwa wiki, kwa mkataba wa maandishi na makato ya NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii. Mgongo ulipoanza kunisumbua, hata safari ya daladala kutoka Mbagala ikawa mateso. Nikaona haya kuendelea kuomba ruhusa, na jioni moja nikaandika barua ya mistari minne nikieleza kwamba naacha kazi kwa hiari yangu. Nilidhani huo ndio uungwana. Mwajiri aliipokea kwa wepesi ambao ulipaswa kunishtua.

Maneno "kwa hiari yangu" ndiyo yaliyonigharimu. Fao la NSSF la kukosa ajira, linalolipwa kwa muda usiozidi miezi sita kwa mwanachama aliyechangia angalau miezi 18, halimhusu aliyejiuzulu. Kiinua mgongo nacho, yaani mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10, hulipwa pale mwajiri anapositisha ajira. Siku zangu 35 ziliyeyuka kwa sentensi moja. Hazikuwa fedha nyingi, lakini zingenunua dawa.

Kinachoniuma zaidi ni likizo ya ugonjwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi sita kazini siku 126 za likizo hiyo katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, mradi awasilishe cheti cha daktari. Mimi nilikuwa nimetumia siku tisa tu.

Kwa hiyo, ukiugua, omba likizo hiyo kwa maandishi, ambatisha cheti, na ubaki na nakala iliyosainiwa na aliyeipokea. Afya isiporejea, usijiondoe. Mwache mwajiri aanzishe mwenyewe utaratibu wa kusitisha ajira kwa sababu ya afya, kwani atalazimika kuchunguza hali yako, kukusikiliza na kutazama kama ipo kazi nyepesi unayoiweza. Ukiachishwa isivyo halali, una siku 30 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na siku hizo huisha upesi kwa mtu aliyelala kitandani. Ikiwa kazi yenyewe ndiyo iliyokuumiza, mwambie daktari aliandike hilo tangu mwanzo, maana madai hayo huenda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, wala si NSSF.

Jambo la mwisho ni kuomba taarifa ya michango yako ungali kazini. Mimi niliiomba baada ya kuondoka, nikakuta michango ya miezi minne haipo, na hati za mshahara za miezi hiyo nilikuwa nimekwisha kuzitupa.