Majibu mawili ya damu, dozi ileile?

SWALI: Shikamoo dokta. Baba amelazwa, anapewa antibiotiki ya vankomaisini kwa dripu. Juzi walipima kiwango cha dawa kwenye damu ikaja 38, jana 16, na dozi haijabadilishwa. Mashine ya maabara mbovu au wanabahatisha tu?

JIBU: Marahaba, pole kwa kuuguza. Mashine mara nyingi inasingiziwa tu, mi ningeanza kuuliza damu ilitolewa saa ngapi na wapi. Kawaida inachukuliwa dakika kama 30 kabla ya dozi inayofuata, dawa ikiwa imeshuka, sasa nesi kazidiwa na wagonjwa, dripu imeisha saa 4 damu katoa saa 5, hapo namba lazima ipae. Au katoa kwenye mrija uleule uliopitisha dawa, mabaki yakaingia kwenye chupa, na maabara wanapima walicholetewa. Achomwe mkono wa pili.

Jentamaisini, antibiotiki nyingine, ndo ina vituko zaidi, mgonjwa akiwa na penisilini pia halafu sampuli ikae masaa kwenye joto, penisilini inaendelea kuimaliza humohumo kwenye chupa, jibu linakuja chini ya ukweli, daktari anaongeza dozi kumbe figo na masikio ndo vinaumia.

Na hiyo 16 peke yake haitoshi, mwongozo wa Marekani wa 2020 kwa maambukizi makali ya MRSA (bakteria sugu kwa antibiotiki nyingi) unaangalia jumla ya dawa mwilini kwa saa 24. Ulizia na kriatinini yake (kipimo cha damu cha figo), halafu cheki kwenye fomu kama saa ya dozi imeandikwa, mara nyingi pako wazi.